Mkanda wa Mashine ya Kusaga: Kuubadilisha na Kuukaza Bila Mtu Kuumia

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Garsen kwa wenye mashine za kusaga nafaka, wahudumu wao na vikundi vya akina mama. Tunayachapisha kwa faida ya wakazi wa kaunti nzima.

  

Nimeombwa niseme nanyi juu ya mkanda wa mashine ya kusaga, ule mpira mweusi unaotoa nguvu kwenye injini au mota na kuipeleka kwenye kinu. Wengi wenu mna mashine hiyo nyuma ya nyumba, chini ya mabati, hapa Garsen, Ngao, Golbanti, Tarasaa, Idsowe, Wema, na kule Kipini. Fundi yuko mbali, na duka lenye mikanda ya kila aina liko mbali zaidi. Malindi kwenyewe ni zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa.

Mkanda ukikatika siku ya Ijumaa jioni, si mwenye mashine peke yake anayepata hasara. Mama aliyekuja na debe lake la mahindi atalipanda boda boda hadi kijiji kingine, alipe nauli ya kwenda na kurudi juu ya pesa za kusaga, au anunue unga wa pakiti kwa bei ya dukani. Na mto ukifurika, kama ulivyofurika Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, barabara hukatika na mkanda ambao ungeletwa na matatu kwa siku moja haufiki kabisa. Kijiji kina mahindi na kina mashine, lakini hakina sima.

Kwa hiyo leo nataka tujue mambo matatu: kuutambua mkanda unaokaribia kwisha kabla haujakatika, kuubadilisha na kuukaza wenyewe, na kuifanya kazi hiyo bila mtu kuumia. Mkisahau mengine yote, shikeni hili moja: mkono hauendi kwenye mkanda mpaka mashine imezimwa na nguvu yake imekatwa.

MKANDA UNAVYOFANYA KAZI

Uangalieni mkanda wenu kwa upande. Juu ni mpana na chini ni mwembamba, kama kabari. Mfereji wa puli nao umechongwa hivyo hivyo. Mkanda ukivutwa, unajibana kwenye kuta mbili za mfereji, na hizo kuta ndizo zinazoshika. Sehemu ya chini ya mkanda haitakiwi kugusa chini ya mfereji hata kidogo. Ikigusa, kuta hazishiki tena, na mkanda unateleza.

Ndani ya mkanda kuna nyuzi ngumu zinazobeba mvuto wote. Mpira kazi yake ni kuzishikilia nyuzi hizo na kushika kuta. Nyuzi zikivunjika ndani, mkanda unaweza kuonekana mzima kwa nje na bado ukakatika baada ya siku chache.

Mkanda ukilegea, unateleza. Ukiteleza, unapata joto. Joto likizidi, mpira unakuwa mgumu na kung'aa kama kioo, na mpira uliong'aa huteleza zaidi. Wakati huo injini yako inakunywa dizeli ile ile, lakini kinu kinazunguka polepole na unga unatoka chenga chenga.

Wengi wetu tukisikia mkanda unalia, tunakimbilia spana na kukaza mpaka nguvu zituishe. Hilo nalo ni kosa. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unazivuta shafti mbili zikaribiane, na mzigo huo unabebwa na beringi. Beringi zitapata joto, grisi itayeyuka na kutoka, na baada ya muda mtakuwa mnanunua beringi mahali pa mkanda. Nyuzi za ndani nazo zinanyooka na kuchoka mapema.

DALILI ZA KUANGALIA

Mkanda unatoa habari zake mapema. Sikilizeni mlio mkali wakati wa kuwasha mashine, au mara mahindi yanapomiminwa kwa wingi. Nuseni harufu ya mpira unaoungua. Tazameni vumbi jeusi chini ya puli. Hilo ni mkanda wenyewe unaosagika.

Mashine ikiwa imezimwa, upindeni mkanda kidogo kwa mkono na muangalie upande wa ndani. Nyufa nyingi zinazokaribiana, kitambaa cha nje kilichochanika, nyuzi zinazoning'inia, kuta zinazong'aa, au kipande kilichobanduka, zote zina maana moja: agiza mkanda sasa, usingoje ukatike.

Kama mashine yako ina mikanda miwili au mitatu na mmoja umelegea kuliko mingine, hiyo pia ni dalili. Mikanda iliyobaki inabeba mzigo wa wenzao.

USIUSINGIZIE MKANDA

Kabla hujalaumu mkanda, hakikisha mambo mengine. Mahindi mabichi ni adui mkubwa. Mahindi ya kusaga yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakiwa na maji zaidi ya hapo, unga unaganda kwenye chujio, kinu kinajaa, mzigo unapanda na mkanda unaanza kuteleza. Baada ya mafuriko jambo hili ni la kawaida. Basi aliyeleta mahindi yenye unyevu mwambieni ayaanike kwanza. Mtakuwa mmeokoa mkanda, na yeye mtakuwa mmemkinga na kuvu lenye sumu ambalo hukaa kwenye mahindi yasiyokauka.

Tazameni pia chujio kama limeziba, na nyundo za ndani kama zimelika. Mashine ikiwa imezimwa na mkanda umetolewa, zungusheni shafti ya kinu kwa mkono. Ikikwama au ikitoa sauti ya mchanga, shida iko kwenye beringi. Mkanda mpya hautaponya beringi iliyokufa. Utaungua tu nayo.

KABLA YA KUFUNGUA NATI HATA MOJA

Mashine ya umeme: zima swichi kuu, kisha toa fyuzi na uziweke mfukoni mwako. Usimpe mtu mwingine, na usiziache juu ya meza. Jaribu kuwasha mashine ili uhakikishe kwamba imekufa kweli. Umeme ukiwa umekatika kijijini, usidhani uko salama. Unaweza kurudi dakika yoyote, na swichi ikiwa wazi mota itaruka mkono wako ukiwa ndani. Kama mota yako ina kisanduku kidogo cha kapasita mgongoni, usikifungue. Kapasita huweka umeme hata baada ya fyuzi kutolewa.

Mashine ya dizeli: zima, funga mafuta, na ungoje gurudumu zito lisimame lenyewe. Usilizuie kwa mguu wala kwa gogo. Injini zile za zamani za aina ya Lister zina wenzo wa kuachilia mgandamizo; uache wenzo huo ukiwa umeinuliwa muda wote wa kazi. Injini yenye moto, ukiizungusha kwa mkono wakati mafuta yako wazi, inaweza kushika na kuwaka. Mkono wa kuwashia utolewe na uwekwe mbali. Kama injini ina betri, ondoa waya wa hasi.

Halafu mtu mmoja tu ndiye afanye kazi, na mmoja akae mlangoni kuzuia watu. Ajali nyingi za namna hii huanza na mtu mwema anayetaka kusaidia, akawasha mashine bila kujua mwenzake ameweka mkono wapi.

KUJUA MKANDA WA KUNUNUA

Mgongoni mwa mkanda kuna herufi na namba. Herufi ni unene. Mkanda wa A una upana wa milimita 13 juu, wa B una milimita 17, na wa C una milimita 22. Namba inayofuata ni urefu kwa inchi, na kwa kawaida ni urefu wa upande wa ndani. Mkanda ulioandikwa B 75, basi, ni wa unene wa B wenye urefu wa inchi 75 kwa ndani. Baadhi ya viwanda huandika urefu kwa milimita, kwa hiyo inchi 75 itasomeka kama 1905.

Maandishi yakiwa yamefutika, pima upana wa juu kwa rula ili upate herufi. Kisha kata mkanda, unyooshe chini, na upime urefu wa upande wa ndani kwa tepu. Kumbuka kwamba mkanda wa B ukipimwa kwa nje utazidi namba yake kwa kama inchi 3. Ndiyo sababu mtu aliyepima kwa nje hurudi nyumbani na mkanda usioweza kukazwa.

Mashine ikitumia mikanda mitatu, nunua mitatu yote, ya kampuni moja na namba moja. Usiweke mmoja mpya pamoja na miwili ya zamani. Ile ya zamani imekwisha kurefuka. Mpya utabeba mzigo wote peke yake na utakatika kabla ya wakati wake.

Na tafadhali, msibadilishe ukubwa wa puli kwa sababu tu ndiyo iliyopatikana dukani. Ukubwa wa puli ndio unaopanga mwendo wa kinu. Mota inayozunguka mara 1,440 kwa dakika, ikiwa na puli ya milimita 300, na kinu kikiwa na puli ya milimita 150, kinu kitazunguka mara 2,880. Ukimwekea puli ya milimita 100, kitazunguka mara 4,320. Kinu hakikutengenezwa kwa mwendo huo, na nyundo iliyong'oka kwenye mwendo huo hutoka kama risasi.

KUTOA WA ZAMANI NA KUVISHA MPYA

Toa kifuniko. Legeza nati nne zinazoshikilia mota au injini kwenye reli zake, bila kuzitoa. Kisha legeza boliti ya kusukumia, na uisogeze mota kuelekea kwenye kinu mpaka mkanda uwe huru kabisa. Hapo utatoka kwa mkono bila shida.

Usiuchomoe mkanda kwa bisibisi wala kwa mtaimbo, na usiuvishe mpya kwa njia hiyo. Kwanza, utakata nyuzi za ndani ambazo huwezi kuziona, na mkanda mpya utakuwa mgonjwa kabla haujafanya kazi hata siku moja. Pili, puli ikizunguka ghafla vidole vitabanwa kati ya mkanda na mfereji. Kama mkanda haupandi kwa mkono, mota haijasogezwa vya kutosha. Isogeze tena.

Sasa puli ziko wazi. Zifute kwa kitambaa kikavu na brashi, utoe unga, grisi na kutu. Pitisha kidole kwenye kuta za mfereji. Kuta zinatakiwa ziwe zimenyooka. Kama zimelika zikawa na shimo katikati, au chini ya mfereji panang'aa, puli hiyo imekwisha na itaula mkanda mpya. Mkanda mpya ukikaa vizuri, mgongo wake unakuwa sawa na ukingo wa puli au juu yake kidogo. Ukizama chini ya ukingo, ama puli imelika ama umenunua herufi isiyo yake.

PULI ZIKAE KWENYE MSTARI MMOJA

Hatua hii watu wengi huiruka, nayo ndiyo inayoua mikanda mingi. Chukua uzi mgumu, uuvute kutoka ukingo wa nje wa puli moja hadi ukingo wa nje wa puli ya pili, kwenye uso wake wa upande. Uzi ulionyooka unatakiwa uguse mahali panne: pande mbili za puli ya kwanza na pande mbili za puli ya pili.

Ukiona mwanga kati ya uzi na puli mahali pamoja, puli hizo hazikunyooka. Labda mota imekaa upande, au puli moja imeingia ndani zaidi kwenye shafti yake. Rekebisha hapo kwanza. Ikiwa kingo za puli zako mbili hazina unene sawa, pima kutoka kwenye mfereji wenyewe, maana mifereji ndiyo inayotakiwa ielekeane. Mkanda unaokwenda upande hulika ukuta mmoja, hujipindua ndani ya mfereji, na mara nyingine hutoka wote.

KUKAZA KWA KIPIMO

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kila mtu ana maoni yake. Kuna wanaosema kidole gumba kinatosha. Gumba la kijana wa miaka 20 na la mzee wa miaka 70 si sawa, kwa hiyo tutumie kipimo ambacho kila nyumba inacho: pakiti ya unga ya kilo 2 na nyingine ya kilo 1.

Kwanza pima urefu wa sehemu ya mkanda iliyo hewani, kutoka unapoiacha puli moja hadi unapoigusa nyingine. Kanuni ya mafundi ni hii: kwa kila mita 1 ya sehemu hiyo, mkanda ushuke milimita 16 unapowekewa uzito wake. Ikiwa ni sentimita 75, ushuke milimita 12. Ikiwa ni nusu mita, ushuke milimita 8.

Uzito unategemea herufi. Kwa mkanda wa B, uzito huo ni kati ya kilo 2 na kilo 3. Kwa mkanda wa A, ni kati ya kilo 1 na kilo 1 na nusu. Kwa mkanda wa C, ni kati ya kilo 4 na kilo 6.

Tuchukue mkanda wa B wenye mita 1 hewani. Sukuma mota nyuma kwa boliti yake mpaka mkanda unyooke. Funga kamba katikati ya mkanda mmoja na utundike pakiti ya kilo 2. Vuta uzi juu ya puli mbili uwe kama rula, na upime mkanda umeshuka kiasi gani. Umeshuka zaidi ya milimita 16? Bado umelegea, kaza kidogo. Sasa ongeza pakiti ya kilo 1, ziwe kilo 3. Hazifiki milimita 16? Umekaza kupita kiasi, legeza kidogo. Mkanda mpya uache karibu na kikomo cha juu, hata ukizidi kidogo haidhuru, kwa sababu utajilegeza ukianza kazi. Wa zamani ukae katikati.

Mikanda ikiwa mitatu, pima kila mmoja peke yake. Na kama mkanda wako umesimama wima badala ya kulala, pakiti haitakupa jibu. Tumia mizani ya ndoano na uvute mkanda kwa upande, kwa uzito ule ule.

Ukiridhika, kaza nati nne, kisha pima tena, kwa maana kukaza nati huisogeza mota. Zungusha puli kwa mkono mara tano au sita. Rudisha kifuniko. Ndipo urudishe fyuzi au ufungue mafuta, uache mashine izunguke tupu kwa muda, na uanze kusaga kidogo kidogo.

Baada ya nusu saa ya kazi, zima, kata nguvu, na upime tena. Utaukuta umelegea. Hilo ni jambo la kawaida. Mkanda umekaa kwenye mifereji yake. Kaza tena, na upime kesho yake. Baada ya hapo, mara moja kwa mwezi inatosha.

Msipake mkanda sukari, soda, lami wala sabuni ili ushike. Utashika kwa saa moja, kisha vumbi la unga litaganda pale na mpira utaharibika. Mkanda uliokazwa kwa kipimo kwenye puli safi hauhitaji kupakwa chochote. Ukimwagikiwa na dizeli au mafuta, utoe, ufute kwa maji ya sabuni, na uuache ukauke kivulini kabla ya kuurudisha.

KIFUNIKO SI PAMBO

Ndugu zangu, katika vijiji vyetu kuna mashine ambazo mikanda yake iko wazi. Ukiuliza kifuniko kiko wapi, unaambiwa kilitolewa siku ya kubadilisha mkanda na hakikurudi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mitambo yote ya kupeleka nguvu, yaani mikanda, puli na shafti, iwe imezungushiwa kinga madhubuti. Sheria hiyo haichagui kiwanda kikubwa au kidogo. Mashine ya nyuma ya nyumba inayosaga kwa malipo ni mahali pa kazi.

Kifuniko kinaweza kutengenezwa hapa hapa Garsen na mchomeleaji yeyote, kwa vyuma bapa na wavu mgumu. Wavu uwe na matundu ambayo kidole cha mtoto hakipiti. Uruhusu hewa, kwa sababu mkanda unahitaji kupoa. Ufunike pande zote, hata upande wa ukutani. Ufungwe kwa boliti, si kwa waya, ili usitoke bila spana. Na weka dirisha dogo la kuchungulia, ili mhudumu auone mkanda bila kuufungua.

NGUO NA WATOTO

Wanaokuja mashineni wengi ni mama zetu na dada zetu, nao huja na leso, mtandio, dera au buibui. Hakuna anayemwambia mama avue stara yake. Tunachosema ni kwamba nguo hizo hazitakiwi kufika karibu na mkanda, na jukumu hilo ni la mwenye mashine. Pigeni mstari wa rangi sakafuni, mita mbili kutoka kwenye mkanda, na mteja asiuvuke. Mhudumu apokee debe mstarini na alirudishe mstarini. Mhudumu mwenyewe avae nguo inayobana mwili, bila kikoi kinachoning'inia, bila mtandio ulio wazi, bila pete wala saa.

Mtoto akitumwa na debe, akabidhi mlangoni na angoje nje. Mtoto hajui kwamba kitu kinachozunguka haraka huonekana kama kimesimama.

Ikitokea nguo au mkono umeshikwa, zimeni mashine kwanza. Msimvute mtu wakati mashine inazunguka. Ikisimama, kata nguvu, legeza mota au ukate mkanda kwa kisu, kisha mtoe. Msirudishe mashine nyuma. Bana mahali panapotoka damu kwa kitambaa safi, bila kuachia, na mpelekeni Hospitali ya Ngao au kituo cha afya kilicho karibu. Kidole kikiwa kimekatika, kifungeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu.

MKANDA WA AKIBA KABLA YA MVUA

Tunajua majira yetu. Mvua za masika zinakuja kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mwenye mashine aliye na busara hununua seti kamili ya mikanda mapema, Februari au Septemba, barabara ikiwa bado kavu. Itundikwe kwenye kigingi cha mviringo, mahali pakavu penye kivuli, mbali na dizeli na mbali na panya. Isikunjwe kwa nguvu wala kufungwa kwa waya.

Maji yakianza kupanda, mikanda itolewe na kuinuliwa juu pamoja na mota, kama inawezekana. Maji yakishuka, msiwashe mashine iliyozama kabla fundi wa umeme hajaikagua mota, na beringi kuoshwa na kutiwa grisi mpya.

Kuna jambo moja lisilogharimu hata shilingi. Andikeni namba ya mkanda ukutani kwa rangi, kwa herufi kubwa: B 75 mara 3, kwa mfano. Ipigeni picha kwa simu. Mkipiga simu Malindi, mtu wa dukani atawapa mkanda sahihi mara ya kwanza. Na wenye mashine wa vijiji jirani wakijuana namba zao, anayekwama anaweza kuazima kwa mwenzake mpaka barabara ifunguke.

LA KUFANYA LEO

Vijana wanaopenda kazi hii wana mahali pa kuisomea. Katiba ya 2010 iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti, na kijana mmoja anayejua spana katika kila kijiji anaokoa safari nyingi za Malindi. Wasichana nao wasiachwe nyuma. Kazi hii inataka macho na kipimo kuliko misuli.

Mkifika nyumbani leo, fanyeni mambo matatu. Zimeni mashine na muukague mkanda. Andikeni namba yake ukutani. Na kama kifuniko kimelala kwenye kona, kirudisheni kabla debe la kwanza la kesho halijamiminwa.